Skrubu Nne Zisizo na Nukta

Inspekta Elisifa aliingia kwenye kibanda cha Khalid pale Kiboriloni saa sita kasoro, akavuta stuli bila kukaribishwa, akaketi kama mtu aliyekuja kunywa chai. Nyuma yake Koplo Rajabu alifungua daftari. Nje, watu waliokuwa wakipekua mitumba waliacha kupekua. Polisi wawili kwa fundi mmoja, hiyo ni sinema ya bure.

"Shikamoo, afande," alisema Khalid. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye kucha safi kuliko za mafundi wengi.

"Marahaba. Unajua kilichonileta?"

"Kompyuta ya Mzee Eliudi."

"Ya binti yake. Tuanzie hapo, kila kitu kiitwe kwa jina la mwenyewe."

Malalamiko yenyewe yalikuwa mafupi. Aikaeli, binti wa Mzee Eliudi wa Shirimatunda, huchora nyumba. Watu walioko mbali wanaojenga kwao mlimani humtumia vipimo vya kiwanja, naye huwaonyesha nyumba kwenye skrini kana kwamba wanatembea vyumbani. Laptopu yake ya zamani ilikuwa ikihangaika siku nzima kutoa picha moja, kwa hiyo alikusanya vipande vya kompyuta ya mezani yenye nguvu, kimoja kimoja, kwa miezi minane. Jumamosi Khalid alikwenda kumsaidia kuviunganisha nyumbani. Jumapili mashine ikaanza kuzimika yenyewe. Jumatatu Khalid alirudi, akakaa nayo peke yake dakika ishirini, isipone. Jumanne Mzee Eliudi, ambaye ni mzee wa kanisa na ana sauti ya kuanzisha nyimbo bila kipaza, alisimama mbele ya kibanda hiki na kuliambia soko zima kwamba Khalid ni mwizi, amechomoa prosesa mpya, ule ubongo wa mashine, akaweka mbovu. Jumatano akayapeleka hayo polisi. Leo ilikuwa Alhamisi, na mkuu wa Elisifa alitaka jibu kabla ya magharibi: ama jalada lifunguliwe na Khalid alale mahabusu, ama Mzee Eliudi ayafute maneno yake.

"Wateja wangapi wameondoka tangu Jumanne?" aliuliza Elisifa.

"Sita. Mama wa pale kwenye mapazia alikuja jana na mtoto wa dada yake wabebe laptopu yake haraka haraka, kama nyumba inaungua." Khalid alijaribu kucheka, akashindwa. "Afande, mimi sina duka la jumla. Nina jina tu. Likiondoka hilo, nafunga."

Elisifa hakusema pole. Alikuwa akitazama rafu. Palikuwa na kompyuta tatu zimefunuliwa matumbo, na juu ya kila skrubu kulikuwa na nukta nyekundu. Kando ya bisibisi kulikuwa na kichupa cha rangi ya kucha.

"Na hii? Unajipamba?"

Rajabu alicheka, akaacha alipoona mwenzake hacheki.

"Ya dada yangu, Maulida. Nikikaza skrubu naitia nukta. Mtu akija kuifungua rangi inapasuka, najua amepita mwingine baada yangu."

"Kila skrubu?"

"Kila skrubu, afande. Hata marehemu baba alikuwa anatia alama spana zake. Ni ugonjwa wa ukoo."

"Vizuri. Prosesa ya Aikaeli, nani aliiweka?"

"Mimi."

"Na feni inayokaa juu yake?"

Mpaka hapo Khalid alikuwa akijibu huku anamtazama usoni. Sasa aliokota kitambaa, akaanza kufuta bisibisi iliyokuwa tayari safi. "Mimi. Mwanzo mwisho."

Rajabu aliandika. Elisifa alinyanyuka, akajipangusa sketi. "Beba begi lako la kazi."

"Tunamkamata?" Rajabu alinong'ona.

"Tunampa lifti."

Ndani ya gari Elisifa alimpigia simu Gidioni, muuza kompyuta zilizotumika wa Kwa Sadala, ambaye Mzee Eliudi alikuwa amemtaja kama shahidi wa kitaalamu. Aliweka spika ili Rajabu asikie.

"Wewe ndiye uliyemwambia Mzee Eliudi kwamba prosesa imebadilishwa?"

"Ndiyo, afande. Dalili zote zipo. Inazimika ikipewa kazi."

"Uliiona mashine?"

"Hapana, alinieleza kwa simu."

"Ulimwona fundi?"

"Hapana, lakini hawa vijana wa Kiboriloni tunawajua."

"Kwa hiyo hukuona mashine, hukumwona fundi, ila umemwona mwizi."

Gidioni akasema kuna mteja anamwita. Rajabu aliandika neno moja kwenye daftari. Elisifa alichungulia, akaona ameandika "umbea", akamwambia aongeze tarehe.

Kwa Mzee Eliudi palikuwa na kihamba kidogo, shamba la kuzunguka nyumba, kilichobanwa na nyumba mpya za majirani: migomba, mibuni michache, na banda la ng'ombe nyuma. Bibi Hellen, mama yake Eliudi, aliwapokea kwa mtori kabla hawajasema shida yao, na Elisifa hakuwa mtu wa kuacha mtori upoe kwa sababu ya upelelezi. Alimaliza bakuli, akashukuru, ndipo akaingia sebuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Huyo abaki nje." Mzee Eliudi alikuwa amemnyooshea kidole Khalid, ambaye hakuwa amevuka kizingiti.

"Mzee wangu, huyu leo ni kielelezo. Na kielelezo kinakaa nilipo mimi."

Khalid akaingia na begi lake, akasimama karibu na mlango. Aikaeli alikuwa ameketi mbele ya mashine, msichana wa miaka ishirini na minne, misuko yake ameifunga kwa utepe. Alimsalimia Elisifa kwa heshima zote lakini Khalid hakumtazama kabisa, na Elisifa aliliona hilo.

"Iwashe," alisema Elisifa. "Ipe kazi nzito kuliko zote. Rajabu, saa."

Aikaeli aliiwasha. Lilikuwa kasha jeusi lenye ubavu wa kioo, na ndani yake feni tatu zilianza kuzunguka. Kwenye skrini nyumba ya ghorofa ilianza kujijenga, ukuta kwa ukuta, na kwenye kona kulikuwa na namba ya joto la prosesa. Sitini. Dakika ya nne, themanini. Dakika ya nane, tisini na moja, feni zikapiga kelele. Dakika ya kumi na moja kila kitu kikazima, nyumba ikatoweka bila paa.

"Si mmeona?" Mzee Eliudi alipiga paja. "Hicho ni kichwa kibovu! Lisemwalo lipo!"

Elisifa alikuwa ameinama, pua karibu na matundu ya kasha. Hewa ya moto iliyotoka humo ilikuwa na harufu nyepesi ya kitu anachokijua tangu utotoni, kitu chenye mafuta. Alivuta mara mbili, jina lake likagoma kuja. Aliliacha kwanza, akaomba tochi.

Khalid aliondoa kioo cha ubavu. Elisifa alipitisha tochi polepole na kuhesabu kwa sauti ili Rajabu aandike. Skrubu za ubao mkubwa, tisa, zote zina nukta nyekundu. Skrubu za sanduku la umeme, nne, zina nukta. Skrubu za kadi ya picha, mbili, zina nukta. Kisha mwanga ukafika kwenye feni kubwa iliyokaa juu ya prosesa. Skrubu nne. Zilikuwa tupu.

"Haa!" Mzee Eliudi aliwahi kuliko polisi. "Amefungua hapo! Jumatatu, tulipomwacha peke yake! Kafungua, kabadilisha, kasahau kutia rangi yake!"

Ilikuwa hoja nzuri. Hata Rajabu alimtazama Khalid kwa jicho jingine. Elisifa alimpa mzee wa watu sekunde chache za kuifurahia.

"Khalid, nipe bisibisi. Nionyeshe skrubu yoyote ya hapa isiyo na hatari kuifungua."

Khalid alimwonyesha moja ya sanduku la umeme. Elisifa aliilegeza robo mzunguko, akaikaza tena, akamwita Mzee Eliudi asogee. Nukta ilikuwa imepasuka, vipande vyekundu vimeng'ang'ania kwenye mtaro wa skrubu na pembeni yake.

"Rangi ikipasuka inaacha mabaki. Sasa tazama hizi nne za feni." Tochi ilikaribia. "Kuna hata chembe?"

Mzee Eliudi alivaa miwani, akatazama sana. "Hakuna."

"Kwa hiyo hazikufunguliwa zikakosa rangi. Hazijawahi kutiwa rangi tangu siku ya kwanza. Na fundi huyu akikaza skrubu bila kuitia rangi halali." Elisifa aligeuka. "Khalid. Umenidanganya pale kibandani. Feni hii hukuifunga wewe."

Khalid aliinamisha kichwa. "Kazi niliyopewa mimi ni yangu, afande. Mwenye mali hasemwi."

"Hata ukalale mahabusu?"

Aliyejibu ni Aikaeli, na alisimama kabisa ili kujibu.

"Ni mimi."

Mzee Eliudi alimgeukia binti yake taratibu.

"Jumamosi saa kumi Khalid alikwenda msikitini kuswali alasiri," alisema Aikaeli. "Akaniambia, subiri, pesti na feni nitaweka mimi nikirudi. Na jumuiya walikuwa wanakuja hapa kusali saa kumi na moja, Bibi anataka meza yake. Nikatazama video kwenye simu. Nikaona naweza. Baba, vipande vyote hivi nimevitafuta mwenyewe miezi minane, nilitaka hata kimoja nikifunge kwa mkono wangu. Aliporudi alinikuta nimemaliza. Akacheka tu."

"Na pesti ni kitu gani?" aliuliza Elisifa.

"Ni kama uji mzito, afande, unaokuja kwenye bomba kama la sindano," alisema Khalid. "Inakaa kati ya prosesa na bamba la feni, inapitisha joto. Bila hiyo prosesa inaungua, mashine inajizima ijiokoe. Jumatatu nilipoona inazimika nikajua pa kuangalia, lakini pesti ilikuwa imeniishia, bomba la mwisho niliwaachia wao. Jumanne nilikuja na jipya, nikakuta geti limefungwa."

"Mimi ndiye niliyelifunga," alisema Mzee Eliudi, kwa sauti iliyopungua.

"Aikaeli, siku zote hizo ulikuwa kimya," alisema Elisifa.

"Niliogopa. Jumapili niliogopa kusema nimeharibu. Jumanne Baba alipotoka kwenda sokoni niliogopa zaidi. Kila siku nikisema kesho." Machozi yalimtoka. "Samahani, Khalid. Umebebeshwa mzigo wangu."

"Haya," Mzee Eliudi alisema haraka, kama mtu anayeshika tawi la mwisho. "Feni kafunga huyu mtoto. Sawa. Lakini prosesa iliyo chini yake, nani anajua ni ile ile?"

"Sasa umeuliza swali la kipelelezi," alisema Elisifa, na hakuwa anamkejeli. "Boksi lake lipo?"

Boksi lilikuwepo. Aikaeli alikuwa ametunza maboksi yote juu ya kabati, kama watu wanavyotunza ya televisheni hadi yafe kwa mende. Khalid alieleza kwamba namba iliyochapwa pembeni ya boksi imechapwa pia kwenye bamba la chuma la prosesa yenyewe. Elisifa alimkabidhi Mzee Eliudi boksi. "Utasoma wewe. Rajabu atasoma ya kwenye chuma. Khalid, fungua."

Skrubu nne zilitoka. Khalid aliizungusha feni kidogo, akainyanyua, akakunja uso.

"Hii si pesti yangu."

Juu ya chuma kulikuwa na utando mweupe kuelekea manjano, umelainika kwa joto na kuchuruzika pembeni, unang'aa kama mafuta ya kupaka.

"Yangu ni ya kijivu. Hii sijui ni nini."

"Futa kwanza, tusome," alisema Elisifa, lakini pua yake ilikuwa imeshaanza kazi.

Khalid alifuta kwa kitambaa chenye spiriti mpaka maandishi yakatokea. Mzee Eliudi alisoma kutoka kwenye boksi, herufi moja moja, kwa sauti ile ile ya kanisani. Rajabu aliinama juu ya mashine akamjibu. Herufi ya kwanza ilikubali. Ya pili ikakubali. Walipofika ya tisa sauti ya Mzee Eliudi ilikuwa imeshuka sana, na walipofika ya mwisho alikuwa ananong'ona. Kisha akasema, "Tuanze tena." Wakaanza tena. Zote zikakubali tena. Mzee Eliudi aliweka boksi mapajani, akavua miwani.

Elisifa akaanza kucheka. Alikuwa ameshika kitambaa puani. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mimi nimezaliwa Machame," alisema alipopata pumzi. "Nimeshika kiwele cha ng'ombe tangu nina miaka sita. Nimekaa na harufu hii hapa saa nzima nashindwa kuipa jina, na tumbo lina mtori! Aikaeli, bomba la pesti ulilitoa wapi?"

"Mezani halikuwepo, Bibi alikuwa ameshasafisha. Nililikuta kwenye kopo lake la jikoni."

"Kopo la nini?"

Aikaeli aliweka kiganja mdomoni.

"La dawa za ng'ombe," alisema Mzee Eliudi. "Mama akiona bomba la sindano popote nyumba hii analitia mle. Hata la daktari angelitia."

"Koponi mlikuwa na mabomba mawili, yote meupe, hayana karatasi," alisema Aikaeli. "Nilidhani yote ya Khalid. Nikachukua la juu."

"Karatasi imetolewa na maji ya kuoshea vyombo vya maziwa," alisema Elisifa. "Ile ni dawa ya kiwele, inayosukumwa ndani ya chuchu ng'ombe akivimba. Umeitibu kompyuta, binti yangu. Jumamosi ikafanya kazi kwa sababu mafuta yalikuwa bado mazito. Jumapili yakayeyuka, yakakimbia." Alikuwa bado anatabasamu alipofikia sentensi iliyofuata, na tabasamu likamkauka. "Mabomba yalikuwa mawili. Lile la pili liko wapi?"

"Koponi."

"Na Bibi?"

"Amekwenda kukamua," alisema Mzee Eliudi. "Rozi amevimba chuchu moja tangu jana, anasema leo atamtia ile dawa iliyoba..."

Inspekta Elisifa, miaka hamsini na miwili, kilo ambazo hazijaandikwa popote, alitoka sebuleni kwa mbio ambazo Koplo Rajabu alizisimulia kituoni kwa wiki mbili. Alipita jikoni, akaruka ndoo ya kuku, akakata kati ya migomba. Nyuma yake walikuja Aikaeli, Khalid akiwa na bisibisi mkononi, Mzee Eliudi akiita "Mama! Mama!", na Rajabu, ambaye mlangoni pa banda alikanyaga mahali pasipofaa, akaingia kwa makalio.

Bibi Hellen alikuwa amechuchumaa chini ya Rozi. Kifuniko cha bomba alikuwa amekishika kwa meno, na ncha yake ilikuwa imeshagusa chuchu.

"Bibi, acha! Polisi!"

Bibi Hellen alitema kifuniko. "Ruwa, Mungu wangu! Polisi kwenye maziwa yangu? Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Bibi. Nipe hilo bomba."

Bibi alilitoa kwa shingo upande. Elisifa alikamua tone dogo juu ya ukucha wa kidole gumba, akaufikisha kwenye mwanga. Lilikuwa la kijivu. Khalid aliachia pumzi ndefu.

"Ndiyo yenyewe, afande. Pesti yangu."

"Si nilisema?" Bibi Hellen alimgeukia Rozi kama shahidi wake. "Nimeona mdomo wake mfupi, nikasema viwandani siku hizi wanabana kila kitu. Sasa hii ningemtia ingekuwaje?"

"Angefanya kazi haraka, Bibi," alisema Rajabu kutoka sakafuni, "lakini maziwa yangetoka na picha."

Aikaeli alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, machozi hayajakauka. Kisha wote, hata Mzee Eliudi, ambaye alicheka huku ameshika nguzo ya banda na kutikisa kichwa. Elisifa alichuchumaa, akamkagua Rozi kwa mikono inayojua inachotafuta, akampigia simu bwana mifugo, na bwana mifugo akaahidi kufika na dawa halisi kabla ya jioni. Chuchu tatu nzima Bibi alimalizia kuzikamua yeye mwenyewe. Alisema watu wote waondoke, wanamtisha ng'ombe.

Sebuleni Khalid alisafisha prosesa mpaka ikang'aa, akasafisha bamba la feni, kisha akamnyooshea Aikaeli bomba.

"Weka wewe."

"Mimi? Baada ya haya?"

"Ulikosea bomba. Mkono haukukosea, feni ulikuwa umeifunga sawasawa. Weka katikati, kiasi cha punje ya njegere, usipake."

Aikaeli aliweka. Walishusha feni pamoja. Khalid alimwelekeza akaze skrubu kwa mkingamo, mbili za kona zinazotazamana kwanza, halafu mbili nyingine, kidogo kidogo. Zilipokaza Khalid alifungua kichupa, akazitia nukta zote nne, Mzee Eliudi akitazama.

"Iwashe," alisema Elisifa. "Rajabu, saa."

Rajabu alikuwa amevaa kaptula ya Mzee Eliudi, suruali yake iko kwenye kamba, lakini saa alikuwa nayo. Nyumba ilianza kujijenga upya. Dakika ya nne, joto hamsini na nane. Dakika ya nane, sitini na nne. Ilipokaribia dakika ya kumi na moja hakuna aliyeketi. Mzee Eliudi alikuwa anachezesha midomo, na mwenye kumjua angejua anaomba. Dakika ya kumi na moja ikapita. Ya kumi na mbili. Paa likaja. Madirisha yakaja, maua ya uani yakaja, na dakika ya thelathini mlango wa nyumba ile ukafunguka na skrini ikaingia ndani vyumba vyote, laini, bila kukwama. Joto lilikuwa sitini na saba. Aikaeli alipiga kigelegele ambacho majirani walikijibu bila kujua ni cha nini.

Bibi Hellen aliingia na kopo la maziwa, akasimama mbele ya skrini.

"Jiko liko wapi?"

"Lile pale, Bibi. Liko ndani."

"Ndani! Na moshi?" Alitafakari. "Lakini nyumba nzuri. Umeijenga upesi kuliko babu yako."

Elisifa alifungua fomu yake mezani. Mzee Eliudi alitia sahihi mahali pa kufuta malalamiko, bila kuomba asomewe, kisha akamgeukia Khalid.

"Kijana wangu. Yaishe."

"Yameisha, mzee," alisema Khalid. Alisema kwa adabu, na alimaanisha. Lakini alikuwa anakunja vitambaa vyake polepole, na uso wake haukuwa wa mtu ambaye yake yameisha.

Elisifa alifunga daftari. "Kazi ya polisi imeisha hapa, mzee. Niliitwa kutafuta prosesa, nimeiona. Jina lililopotea Kiboriloni mimi sina fomu yake."

Mzee Eliudi akainuka, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa suti ya Jumapili na tai. Akapitiliza nje mpaka kwenye ua wa masale unaogawa kihamba chake na cha jirani, akakata jani moja refu, la kijani, akalifunga fundo katikati. Akarudi nalo sebuleni. Mchaga aliyekosa akikuletea isale, jani hilo, kuomba msamaha, hata kama mlikuwa mmegombea mpaka wa shamba miaka ishirini, huwezi kulikataa. Na si jambo ambalo mzee humfanyia kijana mara nyingi.

Khalid, ambaye si Mchaga lakini amezaliwa Moshi, alilijua jani lile. Alisimama, akatangulia kunyoosha mikono. Mzee Eliudi akalirudisha nyuma ya mgongo wake.

"Si hapa. Hapa sikukutukana. Nilikutukana Kiboriloni. Tangulia na afande, ukae mahali ulipokuwa umekaa."

"Mzee, twende wote, gari lipo," alisema Elisifa.

"Gari la polisi? Wataniona nimeshushwa, wadhani nimelazimishwa. Nitachukua bajaji."

Bajaji ilimshusha barabarani saa kumi na moja na robo, soko likiwa bado limejaa. Akaingia kwa miguu, katikati ya vibanda, ameshika isale mbele yake kwa mikono miwili. Wamama wa ndizi ndio walioliona kwanza. Mmoja alimgusa mwenzake, mwenzake akamgusa wa tatu, na kelele za bei zikapungua kutoka upande mmoja wa soko hadi mwingine. Mama wa mapazia alishusha pazia alilokuwa akilitandaza. Elisifa na Rajabu walikuwa wamesimama kando ya kibanda, na Khalid alikuwa ameketi juu ya stuli yake, magoti yamebanana.

Mzee Eliudi alisimama pale pale aliposimama Jumanne. Sauti ilikuwa ile ile.

"Mimi Eliudi wa Shirimatunda. Jumanne nilisimama hapa nikamwita kijana huyu mwizi. Nilisikia maneno ya mtu nikayabeba, sikutazama. Prosesa ipo, namba yake nimeisoma mwenyewe mara mbili. Kilichoharibu mashine ni dawa ya ng'ombe wangu."

Kicheko kilianzia kwa wamama wa ndizi, kikasambaa. Mzee Eliudi alisimama kikamwagikia chote, hakurudi nyuma hata hatua moja. Kilipotulia alimgeukia Khalid na kuinamisha kichwa chenye mvi.

"Nimekukosea, Khalid. Nisamehe."

Khalid aliinuka, akalipokea jani kwa mikono miwili. Akamkumbatia mzee wa watu, suti na tai na yote, na soko likapiga makofi. Rajabu alijifanya anatafuta kalamu mfukoni ili asionekane macho.

Mama wa mapazia tayari alikuwa anakuja, laptopu kwapani, anaongea kabla hajafika. "Khalid mwanangu, ile yangu bado haiwaki, mimi nilijua tu kwamba wewe..."

"Mama, panga foleni," alisema Mzee Eliudi.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa simu yake. Aliiweka juu ya meza ya kazi, katikati ya bisibisi.

"Haishiki chaji tangu Pasaka," alisema.

Khalid aliigeuza, akaitazama mdomo wa chaja. "Iache, mzee. Njoo kesho saa nne."

Mzee Eliudi aliiacha, akaondoka bila kuomba risiti.